Muhuri na Mafuta ya Moyo

Kwa miaka ishirini na sita hakuna nyama ya ng'ombe iliyotoka kwenye machinjio ya manispaa bila kupita mikononi mwa mwanamke mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuna mwenye bucha aliyewahi kumwambia asante. Walimwita Muhuri. Mbele yake walimwita Mama Muhuri, macho wameyashusha. Akishawapa mgongo, lile neno Mama liliondolewa na mahali pake pakawekwa mengine ambayo hata kuta za machinjio, zilizosikia mengi, hazikuyazoea.

Naye hakuwapenda. Alikuwa na kawaida ya kusema kwamba mwenye bucha akikuchekea, hesabu vidole vyako kabla hajaondoka. Hakupokea soda yao, hakukalia benchi lao, na salamu yao aliijibu kwa neno moja kama mtu anayerudisha chenji. Alikuwa mwanamke mkubwa, kilo mia moja na nane kwa mizani ileile iliyopima robo za ng'ombe. Aproni yake nyeupe ilishonwa kutokana na aproni mbili, na kisu chake chembamba hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kukinoa.

Ng'ombe akishachunwa na kupasuliwa, moyo wake, mapafu na ini vilitundikwa pamoja kwenye ndoano na kusukumwa hadi mbele ya jukwaa la saruji. Jukwaa lilikuwa na vipandio saba. Muhuri alisimama juu yake asubuhi nzima, akipapasa, akikata, akiangalia. Utando wa moyo aliupasua kwa mkato mmoja. Moyo wenyewe aliufungua kwa mikato minne, akitafuta vifuko vya tegu, vidogo kama punje za mchele. Halafu aliangalia mafuta.

Hapo kwenye mafuta ndipo alipokuwa bingwa. Vifuko vya tegu hata mwanafunzi wa wiki mbili huviona. Lakini ng'ombe aliyekonda kwa kukosa majani na ng'ombe aliyekonda kwa ugonjwa hufanana mbavu kwa mbavu, na kinachowatenganisha ni moyo. "Mwili una adabu," aliwaambia wakaguzi wapya. "Ukiishiwa, unakula mafuta ya mgongoni kwanza, halafu ya tumboni, halafu ya figo. Ya moyo unayaacha mwisho. Mnyama akifikia kula mafuta ya moyo wake, huyo amekwisha. Hapo mmechinja maiti."

Kwa hiyo mafuta meupe, yaliyoganda, yaliyouzunguka moyo kwa juu kama kola ya shati, yalipigiwa wino wa zambarau na nyama ikaenda bucha. Mafuta yaliyogeuka ute wa manjano unaotetemeka kama jeli yalimpeleka mnyama shimoni, na mwenye mali alie anavyotaka. Na pale Muhuri aliposhindwa kukata shauri, alitundika kibati cha njano chenye neno moja: ZUIO. Nyama yenye kibati hicho iliingia chumba cha baridi mpaka mkaguzi atakapoirudia. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, awe mwenye ng'ombe, meneja, au naibu wa mkaguzi.

Naibu alikuwepo, mwanamume wa miaka arobaini mwenye masharubu ya kubahatisha, ambaye kwa miaka sita alikuwa akisubiri Muhuri astaafu na kwa mwaka mmoja uliopita alikuwa akisubiri afe. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama, pumzika kidogo, nikusaidie kisu." Muhuri alijua alichokuwa akikisubiri.

Maana vile vipandio saba vilikuwa vimeanza kurefuka. Kwenye cha nne Muhuri alilazimika kusimama. Alikuwa akitoa kitambaa na kukifuta kisu, ambacho kilikuwa safi, huku kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto. Chini, wenye mabucha waliokuwa wakisubiri nyama zao walinyamaza kwa adabu ya uongo, kisha mmoja wao akatangaza kwa sauti ya kondakta: "Kituo cha nne! Wanaoshuka, washuke!"

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo, ila mtangazaji alikuwa mdogo wake. Waliishi wawili, dada na mdogo mtu, fundi cherehani ambaye mumewe alikufa na ulimi wake ukabaki hai. Kisukari cha Muhuri kilikuwa na miaka tisa. Dawa alikunywa alipokumbuka, na chai alikunywa na sukari vijiko vitatu kwa sababu, alisema, isiyo na sukari ni maji ya kuoshea vyombo.

"Gauni hili nimelipanua mara nne," mdogo wake alimwambia asubuhi moja, pini mdomoni. "Mara ya tano nitapanua ukuta."

"Shona, usihubiri."

"Na unalala umeketi kama mlinzi wa benki. Mito mitatu! Ukilala chali unakoroma kama mtu anayezama. Dada, huo si usingizi."

"Mwili wangu nimeukagua mwenyewe. Una nini? Umenona. Aliyenona hana tatizo. Aliyekonda ndiye wa kuulizwa."

Hiyo haikuwa kejeli. Aliiamini. Mtu aliyeshika mioyo kwa maelfu, akaona kwamba yenye mafuta meupe ni ya wazima na isiyo nayo ni ya wagonjwa, angeamini nini kingine?

Mwaka ule manispaa ilibadilisha utaratibu. Kila anayeshika nyama ya kuliwa alikuwa akipimwa afya mara moja kwa mwaka: kinyesi, kifua, sahihi, basi. Sasa likaongezwa sharti kwamba aliyevuka miaka hamsini na ana kisukari au presha apelekwe hospitali kupimwa moyo. Asiyeleta cheti hadi Ijumaa hashiki kisu. Atahamishiwa ghala la ngozi, akahesabu ngozi zilizotiwa chumvi. Muhuri alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ghala la ngozi lilikuwa nyuma ya machinjio, halina dirisha, na waliowahi kupelekwa huko walisahaulika kabla harufu haijawatoka. Bila kisu na muhuri, yeye alikuwa nani? Mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba na maadui arobaini.

Jumatatu akaenda hospitali. Chumba kilikuwa kidogo, chenye kitanda cha mpira, mashine yenye kioo, na daktari mwanamke kijana aliyevaa miwani na asiyetabasamu. Muhuri alimwangalia paji la uso, lile paji pana lenye mfupa mbele, akajua ameliona mahali.

"Vua blauzi, mama. Lalia ubavu wa kushoto."

Daktari akampaka jeli kifuani. Ilikuwa ya baridi, nyororo, ikitetemeka. Muhuri aliitazama ikiwa juu ya moyo wake na kwa mara ya kwanza siku ile akasikia kitu kama hofu, kisha akajikemea: hii imetoka kwenye chupa.

Daktari alibonyeza kifaa chake katikati ya mbavu kwa muda mrefu. Kwenye kioo kitu cha kijivu kilifunguka na kujifunga. Muhuri alikijua. Alikuwa amevikata vya namna hiyo vingi, ila kinachocheza hakuwahi kukiona.

"Una mafuta kuuzunguka moyo," daktari akasema hatimaye.

"Ya rangi gani?"

"Unasemaje?"

"Meupe, au ya manjano?"

"Mashine hii haionyeshi rangi."

"Yameganda, au yanatetemeka?"

"Yana unene wa milimita tisa, mama. Ni mengi."

Muhuri akaketi, akaanza kujifuta jeli kwa upande wa blauzi. "Basi nimepita. Andika cheti."

Daktari akavua miwani. Alieleza kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine ya kufulia. Mafuta yale hayakukaa pale bure. Yalikaa juu ya nyama ya moyo, ngozi kwa ngozi, hakuna ukuta katikati. Kwa mtu mnene mwenye kisukari yalizidi, yakaanza kutoa sumu zao, yakauchokoza moyo mchana na usiku, na mengine yakapenya ndani ya nyama yenyewe. Nyama ya moyo ilikuwa inakakamaa.

"Nguvu ya kusukuma unayo. Ungepimwa hiyo tu, ungepita. Lakini moyo una kazi mbili, kukaza na kulegea. Wako unakaza, haulegei. Usipolegea haujai. Usipojaa, damu inasongamana nyuma, kwenye mapafu. Ndiyo maana unahema. Ndiyo maana soksi zinakuchora miguu. Unalalia mito mingapi?"

"Hiyo ni habari ya kitandani kwangu."

"Mitatu?"

Muhuri akafunga kifungo cha blauzi. "Kwa kifupi unasema moyo wangu ni mgumu."

"Ndiyo."

"Hilo wenye mabucha walishalisema, na hawakuhitaji mashine."

Daktari hakucheka. Alichukua fomu. Ilikuwa na visanduku viwili, ANAFAA na HAFAI, naye akatia alama kwenye cha pili. Ni pale, kalamu ilipokuwa ikitembea na kichwa kikiwa kimeinama, ndipo Muhuri alipolipata lile paji. Lilikuwa la Kipande.

Kipande alikuwa mwenye bucha mkubwa kuliko wote sokoni. Jina alilipata kwa sababu kila mteja wake aliongezewa kipande cha mfupa kwenye mizani, atake asitake. Miaka kumi na sita iliyopita alileta fahali aliyemnunua kwa akiba yake yote, mnyama mkubwa, manyoya yanang'aa kama viatu vya harusi. Muhuri alifungua moyo wake akakuta umejaa tegu, akakata shavu, akakata bega, kote tegu. Akamtupa mzima. Kipande alipiga magoti kwenye damu. "Mwangalie kwa nje, mama! Mwangalie alivyo!" Na Muhuri akamjibu neno ambalo lilizunguka soko lote: "Nje wanaangalia wachumba. Mimi naangalia ndani." Mlangoni alikuwa amesimama msichana wa miaka kumi na miwili mwenye sare ya shule, aliyekuja kuchukua ada.

"Wewe ni binti wa Kipande," Muhuri akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua. Mkuki mmeuficha miaka kumi na sita."

"Chukua fomu yako, mama. Kuna wagonjwa wanasubiri."

Alirudi nyumbani, akamwambia mdogo wake kwamba mambo yote ni kisasi, kwamba amepimwa na mtoto wa Kipande. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo mito ni ya Kipande pia?"

Muhuri akala chakula chake, na chai akaitia vijiko vinne.

Jumatano Kipande alileta ng'ombe jike mwekundu. Alipotundikwa, hata watu wa kufagia walitazama pembeni. Mbavu zilikuwa kama ngazi. Muhuri alikuwa juu ya jukwaa. Fomu ilikuwa mfukoni mwake, hajaipeleka kwa meneja. Moyo ulipoletwa aliupasua utando na hakuhitaji hata kukata zaidi. Pale palipotakiwa kuwa na kola nyeupe palikuwa na ute wa manjano, nao ulitetemeka.

Kipande alipanda vipandio vyote saba kwa mwendo wa mtu anayeingia sebuleni kwake. Hakuwahi kuthubutu kupanda pale.

"Shuka," Muhuri akasema.

"Nashuka, mama, nashuka. Nimekuja kukupa pole." Alinong'ona, akitazama ule moyo kama haumhusu. "Nasikia kwa wateja wa mdogo wako kwamba Ijumaa tunakupoteza. Ghala la ngozi! Mtu mwenye mkono kama wako? Ni dhambi." Akasogea. "Mpigie muhuri ng'ombe wangu, na binti yangu atakupigia wewe. Muhuri kwa muhuri. Nani atajua?"

"Binti yako amekutuma?"

"Mtoto hamtumi baba. Baba ndiye anayemtuma mtoto. Neno langu moja tu, na ile fomu inachanika, inaandikwa nyingine."

Wote chini walikuwa wakitazama. Muhuri aliuchovya muhuri kwenye wino. Watu waliokuwepo wanabishana mpaka leo aliushika kwa muda gani. Naibu anasema nusu dakika, na Naibu hana sababu ya kumpendelea. Mkono wake ulikuwa hewani na wino ulidondoka kwenye buti lake mara mbili. Ghala lisilo na dirisha upande mmoja. Upande mwingine moyo wa manjano, ambao kesho ungekuwa kwenye sufuria ya mtu asiyejua kitu.

Aliurudisha muhuri kwenye kisahani chake.

"Tupa," akawaambia watu wa shimo. "Mzima. Na mumwagie dawa, asije akafukuliwa na mwenye njaa isiyo na aibu."

Uso wa Kipande ulikunjamana. Aliteremka mpaka kipandio cha nne, akasimama pale makusudi, akajifuta paji la uso kwa madaha ili wote waone anaigiza nani. "Kikulacho ki nguoni mwako, Muhuri!" akapaza sauti. "Chako kiko chini ya titi! Utatuhesabia ngozi, na sisi tutakuja kukuhesabu wewe!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu. Muhuri alimsubiri ng'ombe mwingine.

Lakini kichwani mwake jambo moja lilikuwa limenyooka. Kama fomu inaweza kuchanwa kwa neno la Kipande, basi tangu mwanzo haikuwa fomu, ilikuwa bidhaa. Moyo wake haukuwa na kasoro. Alkhamisi mchana alivua aproni, akaenda hospitali kwa miguu, kituo kwa kituo, akapita foleni yote na kusukuma mlango.

"Bei ya cheti chako nimeisikia," akasema. "Baba yako ameitangaza juu ya jukwaa langu."

Daktari alikuwa peke yake, anakula ndizi. Aliiweka chini. Alimsikiliza Muhuri mpaka neno la mwisho na uso haukubadilika, ila masikio yalibadilika rangi. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi.

"Dokta wangu!" Kipande akaitika, nyuma yake panga linapiga mfupa. "Umekula?"

"Baba, umemwambia mkaguzi kwamba nitambadilishia cheti?"

Panga likanyamaza. "Nani kasema?"

"Yupo hapa."

"Aa, huyo! Ilikuwa utani, mwanangu. Watu wa machinjio tunataniana."

"Ng'ombe alikuwa na nini?"

"Ng'ombe... alikuwa mwembamba kidogo."

"Baba, ukilitumia tena jina langu kwenye nyama yako mbovu, nitakuja mwenyewe sokoni na maikrofoni." Akakata simu. Alipoinua uso, hasira yote ilikuwa imegeuzwa upande wa Muhuri, kama taa.

"Sasa wewe. Mimi sikupendi, mama. Tuelewane. Mwaka ule nilikaa nyumbani bila shule mihula miwili kwa sababu ya kisu chako. Nililala nikikuombea mabaya. Nikaja kusoma, nikakutana na tegu kwenye kitabu, na picha ya ubongo wa mtoto aliyekula nyama ya namna ile. Nikakasirika zaidi, maana ulikuwa sahihi. Ni vigumu kumchukia mtu aliye sahihi, lakini nimejitahidi."

"Basi jitahidi kuandika ukweli. Mafuta ya moyo ni afya. Nimeona mioyo kuliko wewe na walimu wako."

"Umeona ya ng'ombe. Mnawachinja wakiwa na umri gani?"

"Miaka minne. Mitano. Jike mzee, tisa."

"Umewahi kufungua moyo wa ng'ombe wa miaka hamsini na mbili?"

"Hayupo ng'ombe wa hivyo."

"Hayupo. Kwa hiyo hujui mafuta yale yangemfanyia nini kama kisu kingechelewa. Kwako mafuta ya moyo ni habari njema, kwa sababu mwenye nayo ameshakufa asubuhi ileile unayomkagua. Hakuna anayemngoja apande ngazi mwakani. Mgonjwa wangu mimi anatakiwa aamke kesho."

Muhuri alitafuta katika miaka ishirini na sita, ndoano kwa ndoano, moyo mmoja wa kumjibu binti huyu. Wote walikuwa vijana. Wote walikuwa wamefika kwake wakitembea kwa miguu yao, na hakuna hata mmoja aliyeachwa kuzeeka na mafuta yake. Nyani haoni kundule. Lakini yeye hakuwa nyani, alikuwa mkaguzi, na kosa lilikuwa la ukaguzi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko ghala.

"Na baba yako," akasema, akitafuta pa kushika, "alisema nimwangalie yule fahali kwa nje."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Hakuna aliyelirudia lile neno. Lilikuwa pale mezani, pembeni ya ndizi.

Muhuri akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akaitoa fomu mfukoni na kuikunjua. Ilikuwa na doa la wino wa zambarau. "Fomu hii imetengenezwa na mtu asiyejua kazi," akasema. "Anafaa, hafai. Visanduku viwili. Sisi kwenye nyama tu tuna vitatu. Kuna kupita, kuna kutupwa, na kuna kuzuiliwa mpaka mkaguzi arudie. Mimi umenitupa. Hivyo sivyo. Bado hujanifungua."

Daktari aliitazama fomu kwa muda. Huenda alikuwa akitafuta sababu ya kukataa. Kisha akachukua kalamu, akachora kwa mkono kisanduku cha tatu chini ya viwili vile, na mbele yake akaandika: *Amezuiliwa. Apimwe tena baada ya siku tisini.* Akatia sahihi.

"Nyama iliyozuiliwa inakaa tu kwenye baridi," Muhuri akasema. "Mimi nifanye nini siku tisini?"

"Utatembea. Kila siku, mpaka uheme, halafu unapumzika, halafu unatembea tena. Dawa utakunywa zote, si unapokumbuka. Sukari kwenye chai, hakuna. Mafuta hayo yanapungua mtu akipungua; hata kabla nguo hazijalegea yanaanza kupungua. Moyo unaweza kulegea kiasi. Sijasema utapona. Nimesema nitapima."

"Na ukikuta haujalegea?"

"Nitatia alama kwenye cha pili. Sitakuonea huruma."

"Nisingekuamini kama ungenionea huruma," Muhuri akasema, akasimama kwa kushika meza. Hawakuagana.

Ijumaa asubuhi alimpelekea meneja fomu yenye visanduku vitatu. Meneja aliigeuza mbele na nyuma, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, akaipokea kwa sababu sahihi ilikuwepo. Ghala la ngozi, siku tisini. Naibu atashika jukwaa.

Habari ilifika chini kabla yake. Wenye mabucha walikuwa wamejipanga pande mbili kama watu wanaosubiri bibi harusi, na Kipande, ambaye tangu jana uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira ya simu ya binti yake, alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Mpisheni mama, anakwenda kwenye ngozi! Polepole, msimchoshe!"

Muhuri akapanda. Kwenye cha nne alisimama, akahema, akapanda tena. Naibu alikuwa ameshafika juu, amevaa aproni mpya, na mkono wake ulikuwa juu ya kile kisu chembamba.

"Mama, pole sana. Hivi nitakutunzia tu. Muhuri pia nitautunza."

"Muhuri ni wa manispaa. Chukua." Akamtolea funguo za kisanduku cha wino. "Kisu ni changu."

"Lakini huko kwenye ngozi hakina kazi. Na hapa mimi ndiye..."

Muhuri alikichukua kisu mkononi mwake, taratibu, akakifuta pande zote mbili, akakitundika kwenye ndoano yake ukutani, pamoja na noleo na ile aproni ya aproni mbili. Kisha akaingiza mkono kwenye ndoo ya vibati, akachagua kimoja cha njano, akakifunga kwa waya kwenye ndoano, mizunguko mitatu, akaukaza waya kwa meno ya koleo. ZUIO.

Kule chini makofi yalififia. Wote walikijua kibati kile. Kila mmoja wao alishawahi kuiacha nyama yake chumba cha baridi chini ya kibati kile, akizunguka mlangoni kama paka, asiweze kugusa.

"Hadi lini?" Naibu akauliza.

"Unaijua sheria au huijui?"

"Mpaka mkaguzi arudi," Naibu akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi."

Akageuka kushuka. Kwenye kipandio cha nne alisimama, maana kifua kilidai, na safari hii hakujifanya anafuta kisu, kwa kuwa kisu kilikuwa kimebaki juu. Alishika ukuta kwa mkono mtupu, akahema mbele ya watu wote waliomchukia, akiwatazama mmoja mmoja, mpaka alipokuwa tayari kuendelea.